Nyumba Arobaini na Moja Kando ya Mto

Umewahi kusikia wimbo wa ndege ukaapa kwamba ni wa ndege mmoja, kumbe waimbaji ni wawili? Usinijibu upesi. Watu waliosoma kunishinda mara mia walijibu upesi, na mjukuu wangu nusura aanguke pamoja nao.

Mjukuu huyo ni Chepkirui, mtoto wa pekee wa binti yangu Serah. Serah ni nesi. Alikuja Amerika mwaka wa 1989 akiwa na mtoto wa miaka mitano mkononi, nami nikawafuata mwaka wa 2005, goti langu la kushoto lilipokataa kupanda mlima wa kwetu Sotik. Tunakaa Takoma Park, orofa ya pili, karibu na stesheni ya treni, mlango wetu ukitazamana na wa Domina, Mhaya wa Bukoba anayetunza wazee majumbani mwao. Chepkirui alikuwa akisoma chuo kikuu pale College Park. Nikisema kusoma usidhani ni udaktari au sheria. Alikuwa akisoma ndege. Na si ndege wote, ndege wa aina moja tu, anayeishi vichakani kando ya mito ya Guyana, huko Amerika ya Kusini.

"Hao ndege watamwajiri?" Serah aliuliza kila alipovua viatu vya kazi.

Basi mama na bintiye walifanya mapatano mbele yangu, mezani, ugali ukipoa. Serah alisema: "Nimekupa miaka miwili ya ndege. Mwezi wa tano mwaka ujao utasimama mbele ya walimu wako watatu. Wakisema kazi yako ni nzuri, nenda huko msituni mwaka mzima, sitafungua mdomo. Wakisema si nzuri, mwezi wa nane unaanza uuguzi. Fomu nimeshaijaza, imebaki sahihi yako."

"Deal," Chepkirui akasema. Wakapeana mikono juu ya sahani kama watu wanaouziana ng'ombe. Nilijua mikono ile miwili yote ni ya nyumba yangu, na hakuna mkono wa nyumba yangu uliowahi kuachia kitu kirahisi.

Sasa nikueleze kuhusu ndege mwenyewe, maana bila yeye huwezi kuelewa lolote. Kwa Kiingereza ukoo wake wanauita reni. Ni mdogo, hafiki urefu wa kalamu mpya ya risasi. Uzito wake ni kama vijiko vitano vya sukari. Mgongoni ni kahawia, kifuani ana rangi ya chai yenye maziwa mengi, juu ya jicho amepakwa mstari mweupe, na mbawa na mkia vina mistari myeusi iliyopangwa kama nguo ya kufumwa. Hula buibui na mende na panzi wadogo, na namna anavyowatafuta ilinifurahisha sana: huingia kwenye majani makavu yaliyonaswa katika mitambaazi, akayafungua moja moja kama karani anayetafuta barua. Kiota chake ni mpira wa nyasi wenye mlango ubavuni. Na ana kingine cha kulalia tu, kisicho na mayai. Nilipoambiwa hivyo nilimwambia Domina, "Ndege ana vyumba viwili, na wewe unalala sebuleni." Akasema, "Mama, huyo halipi kodi ya Maryland."

Haya yote Chepkirui aliniambia kwa Kiingereza chake cha haraka. Kiswahili anakisikia chote, hata matusi, ila akijibu hujibu Kiingereza. Kukisoma hukisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Maneno yake hapa nakuandikia kwa Kiswahili nilivyoyaelewa.

Wenzake walikuwa wamekaa Guyana miezi mitano. Kila walipofika walifunga vinasa sauti viwili mitini, kimoja huku, kingine hatua ishirini kule, kisha baada ya siku kadhaa wakavihamishia mbele kufuata ukingo wa mto. Walileta mamia ya saa za sauti. Kazi ya Chepkirui ilikuwa kuzisikiliza na kusema ni ndege wangapi wanaimba pale, na ardhi ya kila mmoja inaanzia wapi na kuishia wapi. Lakini mchana alikuwa na kazi ya maktaba, jioni ana madarasa. Kompyuta aliyoitegemea ilichanganya ndege na vyura. Kufikia Oktoba alikuwa amesikiliza sehemu ya kumi tu, na macho yake yamekuwa mekundu kama ya mvuta moshi.

"Kogo," aliniambia Jumamosi moja, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu, "wewe uko nyumbani mchana kutwa. Unaweza kunisaidia kusikiliza? Uandike tu ni wangapi."

Nilicheka mpaka nikashika goti. Hakujua anamwomba nani.

Nikiwa na miaka saba, kabla sijaingia shule ya msingi ya misheni, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege katika wimbi la baba. Unapanda kwenye jukwaa la miti asubuhi umande ukiwa bado, una kombeo na udongo, na kazi yako ni wimbi lisiliwe. Mtoto mjinga hutazama. Ukingoja kumwona ndege, ameshatua na wenzake mia. Mtoto mwenye akili husikiliza. Nilijua kwa sikio nani anapita tu, nani ana njaa, nani amemwona nyoka. Na katika kichaka chini ya shamba walikaa wale ndege weusi mgongoni, weupe kifuani, ambao watu wa pwani huwaita tiva. Mume hulia kama kengele, na kabla kengele haijaisha mke ameshajibu. Mgeni akisikia husema ni ndege mmoja. Mama yangu aliniambia: sikiliza vizuri, hiyo ni nyumba inazungumza.

Basi Chepkirui akaniletea sidii, mashine ya kuzichezea, spika ndogo za masikioni, kinasa kimoja kikisikika kushoto na kingine kulia, na madaftari kumi ya mistari. Nilikaa dirishani, mguu juu ya stuli. Sidii ya kwanza, dakika ya nne, msitu ukiwa bado na giza na maji yanadondoka, nikamsikia: *wii-tu-choo*, na papo hapo, *chipi-wee*. *Wii-tu-choo, chipi-wee, wii-tu-choo, chipi-wee*, bila nafasi ya kuingiza hata unywele. Sauti ya kwanza ilikuwa sikio la kushoto. Ya pili ilikuwa la kulia.

Nikasema peke yangu pale dirishani, "Shikamooni, wenye nyumba."

Nilisikiliza kutoka Oktoba hadi Machi. Muda wa saa nne kila siku, isipokuwa Jumapili. Sidii nyingine nilizirudia mara sita. Nilijifunza kumjua kila mmoja, maana hawaimbi sawa, kama vile watu hawakohoi sawa. Palikuwa na nyumba ambayo mke ndiye huanza, mume akaingia kwa kuchelewa kama aliyeamshwa. Palikuwa na nyumba mbili jirani zilizogombana wiki nzima. Wanne wale walipiga kelele mpakani, mume kwa mume, mke kwa mke. Nilipomsimulia Domina alisema, "Nawafahamu, walikuwa majirani zangu Hyattsville."

Huyu Domina, kwenye kibaraza chake kuna chungu cha maua kinachoning'inia, na ndani yake alitaga reni wa hapa hapa Maryland, binamu wa wale wa Guyana. Yule wa kibarazani mume huimba peke yake kwa sauti ya kushinda umbo lake, na mke hafanyi ila kugomba kwa mtetemo kama cherehani. Kumbuka hili, maana ndipo kosa lilipozaliwa.

Katika madaftari niligawa ukurasa safu mbili. Safu ya kwanza niliiandika "Nyumba", na chini yake namba. Safu ya pili nikaandika habari zao. Sikuandika "ndege", na sababu yake ni desturi. Kwetu kiumbe chenye uhai hakihesabiwi kwa kidole. Ukiniuliza nilizaa watoto wangapi nitakwambia wapo, Mungu anawajua. Ng'ombe nao, mzee mwenye nao anawajua kwa rangi na majina. Akikosekana mmoja huona pengo, hahitaji kuhesabu. Kuhesabu ni kumwonyesha mwenye kijicho mahali pa kupiga. Lakini nyumba unaweza kuzihesabu, maana hata serikali ilizihesabu kwa kodi na hazikufa. Kwa hiyo nilipomaliza niliandika: nyumba arobaini na moja. Nikampa Chepkirui madaftari, nikaoka keki.

Mwezi wa nne mwishoni alileta nyumbani kazi yake iliyochapwa, kurasa tisini, ili Serah aione. Serah alikuwa kazini. Nikasema niione mimi. Kiingereza cha kurasa zile kilinishinda, lakini orodha haina Kiingereza. Nikaipitisha kidole: kumi, kumi na moja, kumi na tatu.

"Chepkirui. Nyumba ya kumi na mbili iko wapi?"

Alikuwa akila amesimama, mlango wa friji wazi. "Ile niliiondoa, Kogo. Kinasa sauti kiliharibika pale. Sauti inakatika-katika. *Wii-tu-choo*, halafu kimya, *wii-tu-choo*, halafu kimya. Kwa hiyo wamebaki madume arobaini."

"Madume?"

"Eeh. Madume arobaini."

"Nani alikwambia kuna madume arobaini?"

"Wewe. Umeandika hapa."

Nikamwambia afunge friji akae chini. Nikafungua daftari la tatu, nikampa, nikamwambia asome safu ya pili, kwa sauti. Akaweka kidole. "Nyumba ya kumi na mbili," alisoma, taratibu, "ilikuwa njema wiki ya kwanza. Jumatano mke hakuja. Mume... amefiwa. Anaimba sehemu yake tu, anamwachia mwenzake nafasi."

Alisoma mara ya pili kimyakimya.

"Kogo, hii safu ya pili sikuisoma," akasema. "Nilichukua namba tu."

"Mashine haikuharibika," nikamwambia. "Uliposikia wimbo mmoja, ni wawili. Kila nyumba."

"Lakini hapa tunafundishwa... ukisikia ndege anaimba, ni dume. Vitabu vyote. Wanarudi majira ya joto, dume anaimba apate shamba na mke."

"Hivyo vitabu viliandikwa wapi?"

Alitazama upande wa kibaraza cha Domina. Yule mume mwenye mdomo mkubwa alikuwa akiimba juu ya chungu, peke yake, kama kawaida yake.

"Viliandikwa hapa," nikasema. "Huku kwenye baridi mke ana wiki chache za kufanya kila kitu. Kule hakuna baridi. Wanakaa pamoja mwaka mzima, shamba ni la wote wawili, wote wawili wanalilinda. Mke anyamaze kwa nini?"

Akaweka kichwa mezani. Zilibaki siku kumi na moja. Kurasa tisini zote zilisema dume, dume, dume. Akaanza kusema maneno ya mtu aliyechoka: kwamba aache tu ilivyo, walimu wenyewe wanaamini hivyo, hakuna atakayejua. Kwamba akibadilisha sasa na akakosea, mwezi wa nane atakuwa anajifunza kutandika vitanda vya hospitali, na mama yake atakuwa ameshinda.

Nilimwacha amalize. Mtoto akilia usimkatize, machozi yakirudi ndani huchacha. Alipomaliza nikasema, "Lete sidii ya kwanza."

"Kogo, ni mamia ya saa."

"Sikusema lete zote. Nimesema ya kwanza."

Hizo siku kumi na moja, mpenzi msomaji, ndizo ninazoringia kuliko miaka yangu yote sitini na tisa. Aliomba ruhusa maktaba. Tulikaa bega kwa bega, spika moja sikio langu, moja sikio lake, mpaka nikamwambia hapana, ukigawa masikio huwezi kuwasikia wawili. Akanunua waya wenye ndimi mbili tukasikiliza sote kwa masikio yote. Mimi nikasema, "Huyu kushoto, huyu kulia." Yeye akaifungua sauti ile kwenye kompyuta ikawa picha, milima midogo myeusi, akapima. Sauti ya mume ilifika kwenye kinasa cha kwanza kabla ya cha pili. Ya mke ilifika cha pili kabla ya cha kwanza. Tofauti ni ndogo kuliko kupepesa jicho, lakini hakuna ndege anayeweza kuwa kwenye miti miwili kwa wakati mmoja. Akapima nyumba ya pili. Ya tatu. Kufikia ya tisa alikuwa amesimama juu ya kiti.

Domina alileta ndizi na maharage kila jioni, akisema, "Kuleni, wanasayansi." Serah alipita akienda na kutoka kazini, akitutazama. Siku ya nane alimwekea binti yake chai karibu na mkono, akaondoka. Yule mgane wa nyumba ya kumi na mbili tulimrudisha mahali pake, na Chepkirui alimwandikia ukurasa mzima peke yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Chumba chenye zulia, meza ndefu, projekta. Mimi nilivaa suti yangu ya kanisani ya rangi ya zambarau. Domina alikaa kushoto kwangu anitafsirie. Serah aliingia dakika ya mwisho akiwa na sare ya hospitali, akakaa nyuma karibu na mlango kama mtu asiyeahidi kubaki.

Walimu walikuwa watatu. Profesa Cheryl, mama mwembamba mwenye nywele nyeupe, ndiye aliyemlea Chepkirui katika kazi hii. Profesa Wayne, mrefu, mikono nyuma ya kichwa. Wa tatu alikuwa kijana aliyekula biskuti muda wote.

Chepkirui alisimama. Kisha akaanza, na sauti yake haikutetemeka. Aliwaonyesha ramani ya mto, na kando yake mashamba arobaini na moja, kila moja na rangi yake. Akawaambia kwamba siku kumi na moja zilizopita kazi yake ilikuwa na kosa kubwa, na akawaambia ni kosa gani. Domina akanong'ona, "Ametoboa mwenyewe, Mama! Anajichongea!"

"Nyamaza, nisikie."

Profesa Wayne akashusha mikono. Domina alinitafsiria: "Anasema, utajuaje si dume mmoja mwenye nyimbo mbili, anarukaruka?"

Chepkirui hakubishana. Alicheza sauti ya kushoto peke yake: *wii-tu-choo*, kimya, *wii-tu-choo*, kimya. Akacheza ya kulia: kimya, *chipi-wee*, kimya, *chipi-wee*. Kisha akacheza zote mbili na chumba kizima kikajaa msitu. Akaonyesha vipimo vya nyumba zote, moja baada ya nyingine, kwa subira, kama mtu anayechambua mchele. Halafu akacheza nyumba ya kumi na mbili, na zile nafasi zilizoachwa wazi. Kijana wa biskuti akaacha kutafuna.

"Nani aliyesikiliza yote haya?" Wayne akauliza.

"Nyanya yangu," Chepkirui akasema, na akanyanyua madaftari yangu kumi, yenye madoa ya chai. "Amekaa pale, mwenye suti ya zambarau. Mimi nilipima tu alichokwisha kusikia."

Wote wakageuka. Nilinyoosha mgongo. Sikutabasamu, maana meno yangu ya mbele hayako sawa, lakini moyoni nilikuwa nimesimama juu ya lile jukwaa la miti na wimbi lote chini yangu halijaguswa.

Wayne akachukua daftari, akaligeuzageuza. Akauliza kwa nini safu inasema nyumba na haisemi ndege. Chepkirui akanigeukia, na hapo mbele ya wasomi wale wote akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyosoma: "Kogo, kwa nini... hukuhesabu ndege?"

"Waambie kwetu chenye uhai hakihesabiwi," nikasema. "Nyumba ndiyo huhesabiwa. Na waambie ningehesabu ndege tungepotea, maana mume na mke wakiwa vizuri hutasikia wawili."

Aliwaambia. Profesa Cheryl akacheka kwa sauti, akapiga meza, akasema jambo refu. Domina alilifupisha: "Anasema miaka ishirini wao wanahesabu waimbaji, wakati kumbe kilichotakiwa ni nyumba."

Wakauliza kama yupo mwingine mwenye swali. Nilisikia kiti kinasogea nyuma. Ni Serah. Alikuwa amesimama, mkoba begani, anatazama ramani tu.

"Mpaka kati ya nyumba ya tisa na ya kumi," alisema kwa Kiingereza cha wazi ambacho hata mimi nilikielewa. "Umepinda. Mlijuaje unapita pale? Mliupimaje?"

Chepkirui alimtazama mama yake kama anamwona mara ya kwanza. Akaeleza kwamba wenzake walibeba spika, wakacheza wimbo wa nyumba ngeni, wakatembea hatua kumi kumi. Wenye shamba hutoka wote wawili kuja kufukuza. Mke humwendea mke, mume humwendea mume. Pale wanaposimama, wasivuke hata ukiwatukana kwa wimbo, ndipo mpaka ulipo. Unaweka alama. Unaenda upande wa pili unarudia.

"Alama ngapi kwa kila shamba?"

"Kumi na mbili au zaidi."

"Na kosa la kila alama?"

"Mita tatu."

Serah akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyelishwa chakula cha kwao. Akakaa.

Walitutoa nje wazungumze. Tulingoja kwenye korido dakika ishirini na mbili kwa saa yangu. Chepkirui alikaa sakafuni. Domina alisali Salamu Maria kwa Kihaya. Mlango ulipofunguka Profesa Cheryl alitoka na mikono miwili mbele, akamshika Chepkirui mabega na kumwambia amefaulu, na nyuma yake Wayne akaja kunipa mkono mimi, akaushika muda mrefu. Domina alipiga vigelegele vya Bukoba hapo hapo College Park mpaka milango mitatu ikafunguka.

"Serah!" Domina alimgeukia. "Umeshindwa! Mtoto anaenda msituni. Sema neno basi, mama mtu, usitutolee macho."

"Ataenda," Serah akasema. "Nilishasema." Akamkumbatia binti yake kwa nguvu, sare yake ikakunjamana, akamwambia sikioni jambo ambalo sikulisikia na sikupaswa kulisikia. Chepkirui akarudi ndani kuchukua vitu vyake, Domina akamfuata ale biskuti zilizobaki.

Tukabaki mimi na Serah. Aliketi karibu nami kwenye benchi, akavua kiatu kimoja, akakanda mguu.

"Lile swali la mpaka," nikamwambia. "Lilikuwa swali zuri. Hata yule mrefu aliandika jibu."

"Mama, unakumbuka mwaka wa themanini, nilipomaliza kidato cha nne?"

"Nakumbuka. Barua ya uuguzi ilikuja. Nilitangaza kanisani."

"Zilikuja barua mbili, ila ya pili sikukuonyesha. Ulikuwa umeshasimama mbele ya kanisa zima."

"Nilikuwa na fahari na wewe, Serah."

"Najua, Mama. Ndiyo maana sikukuonyesha." Akatazama ule mlango wazi, ramani bado inawaka ukutani na mto wake na mashamba yake ya rangi. "Ilitoka chuo cha wapima ardhi. Nilitaka kupima ardhi, Mama."